Mita 27 za Los Angeles

Ndege ilipoanza kushuka juu ya Los Angeles niliona taa kabla ya kuona mji: mistari iliyonyooka, inakatana, inaendelea mpaka macho yakachoka kuifuata. Nilikuwa nimetoka Mombasa kwa treni hadi Nairobi, Nairobi hadi Doha kwa ndege, na kutoka Doha ni safari ndefu ya angani ambayo ndani yake unakula, unalala, unaamka, unakula tena, na bado hujafika. Mjomba alikuwa ananingoja mahali pa kupokelea wageni, amevaa kofia ya buluu yenye herufi mbili nyeupe zilizopandana. Tukaulizana habari za nyumbani, mama na magoti yake, mvua za Kikambala, bei ya unga. Kisha akatoa kofia nyingine kama ile mfukoni, akanivika, akaniambia nimefika wiki ambayo mji mzima haulali.

"Kuna nini, Mjomba? Uchaguzi?"

"Uchaguzi ni Novemba, mpwa wangu. Wiki hii Padres wanakuja."

Ilikuwa Septemba 2024. Njiani kuelekea kwake Inglewood alinieleza mambo kwa mpangilio wa mtu aliyekaa miaka mingi bila mtu wa kumweleza kwa Kiswahili. Timu yake ya besiboli, Dodgers, ilikuwa inaongoza kundi lake kwa tofauti ya mechi tatu tu. Padres wa San Diego, mji ulio kusini mwa pwani hiyohiyo, walikuwa wa pili, na walikuwa wanakuja kucheza nao mechi tatu kwa siku tatu mfululizo. Hapo ndipo niliposhangaa mara ya kwanza. Kwetu timu ya ligi kuu ikicheza mechi 34 kwa msimu, wachezaji wanalalamika uchovu na makocha wanalalamika ratiba. Hawa hucheza mechi 162, karibu kila siku, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, halafu ndipo mechi za mtoano zinaanza.

"Sasa mwili unabaki na nini?" nikamuuliza.

"Hilo ndilo swali," akasema, na akanyamaza kwa muda, akiangalia barabara.

Jumanne jioni tulipanda basi kutoka Union Station, stesheni kuu ya reli katikati ya mji. Ukiwa na tiketi ya mechi, basi hilo ni bure. Lilikuwa limejaa mavazi ya buluu: familia za Kimeksiko, bibi na wajukuu, vijana wa Kijapani wenye fulana za namba 17, namba ya nyota wa Dodgers Shohei Ohtani, mzee mmoja mweusi aliyebeba redio ndogo. Basi likapanda kilima kinachoitwa Chavez Ravine. Mjomba alininong'oneza kuwa hapo zamani palikuwa na vijiji vya watu wa asili ya Meksiko. Miaka ya 1950 waliondolewa kwa ahadi ya nyumba mpya za serikali ambazo hazikujengwa, familia za mwisho zikatolewa kwa nguvu Mei 1959, na mwaka 1962 uwanja ukafunguliwa. Mtu yeyote wa pwani ya Kenya anayejua habari za ardhi atasikia jambo hilo kwa namna yake. Nilitazama nje ya dirisha nikitafuta alama yoyote ya nyumba zile, nikaona mitende na maegesho ya magari tu.

Kabla ya kwenda kwenye viti vyetu Mjomba alinizungusha nyuma ya uwanja ili nione sanamu mbili. Ya kwanza ni ya Jackie Robinson. Amechongwa akiwa chini, anateleza kwa ubavu kuelekea besi (kimoja cha vituo vinne anavyozunguka mkimbiaji), mguu mmoja umetangulia, mkono umeinuliwa, vidole vimetawanyika. Nilimzunguka pande zote. Robinson ndiye aliyevunja ukuta wa rangi katika ligi kuu ya Marekani mwaka 1947, akiichezea timu hii ilipokuwa bado Brooklyn, na katika maisha yake ya mchezo aliiba besi ya nyumbani mara 19 (kuiba ni kuikimbilia besi mrushaji anaporusha, bila kungoja mpira upigwe). Ila mimi nilimjua kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1959 Tom Mboya alipotafuta fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani, Robinson alikuwa mmoja wa waliotia sahihi barua ya kuomba michango, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wanafunzi 81 walipanda ndege ile ya kwanza. Nilikuwa nimelisoma jina lake katika habari za Mboya miaka mingi iliyopita, na sikuwahi kujiuliza alikuwa anacheza mchezo gani. Sasa yuko mbele yangu, wa shaba, anakimbia. Nilishika kiatu chake.

Sanamu ya pili ni ya Sandy Koufax, mrushaji. Huyu amesimama, mguu mmoja umepanda juu, mkono wa kushoto uko nyuma tayari kuachia mpira. Mwaka 1966 alishinda mechi 27, na mwisho wa mwaka huohuo akastaafu akiwa na umri wa miaka 30, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimeharibika. Mjomba alisimama kati ya sanamu zile mbili akanyoosha mikono pande zote mbili. "Mguu na mkono," akasema. "Ukielewa hivi viwili, umeuelewa mchezo."

Tukapanda ngazi mpaka juu kabisa, viti vya watu wa kawaida, na uwanja ukafunguka chini yetu. Nyasi zilikuwa kijani cha kuumiza macho, udongo mwekundu umechongwa pembe nne, na mbali nyuma ya ukuta milima ikageuka zambarau jua lilipozama. Zaidi ya watu elfu hamsini walikuwa wanakula njugu na kutupa maganda chini bila mtu kuwakemea. Mechi ilianza saa moja na dakika kumi usiku, nami kwa zamu mbili nzima sikuona kitu. Mtu mmoja anasimama kwenye kichuguu kidogo cha udongo, anarusha mpira kwa mwenzake aliyechuchumaa umbali wa mita 18. Katikati yao yuko mpigaji na gongo lake. Wengine wote wamesimama.

"Mjomba, mbona wamesimama tu?"

"Hawajasimama. Acha kuangalia mpira. Angalia miguu ya yule aliye besi ya kwanza."

Nikaangalia. Mchezaji wa Dodgers alikuwa ameacha besi yake hatua tatu, nne, akiwa ameinama, mikono ikining'inia, uzito wake mara mguu wa kulia mara wa kushoto. Mrushaji akageuka ghafla akarusha mpira huko; yule akajitupa chini kwa kifua kurudi kwenye besi, vumbi likatimka. Akainuka, akajipangusa, akaacha besi tena hatua zilezile. Nikacheka kwa furaha, kwa kuwa mchezo huu niliujua! Ni ule wa kati tuliocheza wasichana uani Mombasa: wawili kwenye ncha wanarushiana mpira wa soksi, aliye katikati anakwepa, anadanganya kwa bega, anawapotezea muda. Tofauti ni kwamba hapa aliye katikati ndiye anayechagua lini ataingia. Na akiingia, mbele yake kuna mita 27 na kidogo za udongo, umbali kutoka besi moja hadi nyingine, na watu wawili wenye mikono kama manati wanaotaka kumzuia.

Kuanzia hapo nilikuwa na jambo la kulifuata. Mjomba alinifanyia hesabu nyuma ya tiketi. Mrushaji huchukua sekunde moja na nukta tatu hivi kutoa mpira mkononi na kuufikisha kwa mdakaji. Mdakaji huchukua kama sekunde mbili kuudaka, kusimama na kuurusha besi ya pili. Jumla haifiki sekunde tatu na nusu. Mkimbiaji akizidi hapo, ametoka. Ndiyo maana anaacha besi hatua tatu nne kabla, na ndiyo maana mrushaji anamchungulia kila mara kwa jicho la pembeni. Zamani mrushaji aliweza kugeuka na kumrudisha mkimbiaji mara nyingi apendavyo. Tangu 2023 anaruhusiwa kufanya hivyo mara mbili tu kwa kila mpigaji. Ya tatu, asipomtoa, mkimbiaji anapewa besi ya bure. Besi zenyewe pia ziliongezwa ukubwa, kutoka upana wa sentimita 38 hadi 46. Matokeo yake yalionekana mwaka uleule: besi 2,486 ziliibwa katika ligi nzima mwaka 2022, na 3,503 mwaka uliofuata. Sheria mbili ndogo ziliwarudishia watu miguu yao. Natamani wanaotunga sheria za mpira wetu wa miguu wangeufanyia upotezaji wa muda jambo dogo na lenye akili namna hiyo.

Usiku ule uliisha vibaya kwa watu wa buluu. Ilikuwa zamu ya tisa, ya mwisho; Padres wanaongoza 4 kwa 2; Dodgers wana watu besi ya kwanza na ya pili na hakuna aliyetolewa. Uwanja mzima umesimama. Anayefuata baada ya mpigaji huyu ni Shohei Ohtani mwenyewe, tayari yuko pembeni na gongo lake. Miguel Rojas akapiga mpira ukabiringika kwa nguvu kuelekea besi ya tatu. Manny Machado wa Padres akaudaka, akakanyaga besi ya tatu, mmoja ametoka. Akarusha besi ya pili, wa pili ametoka. Ukarushwa besi ya kwanza, Rojas hajafika, wa tatu ametoka, na watatu wakitoka zamu imekwisha. Mechi imekwisha. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kusema bismillahi na kuketi. Nilidhani kuna kitu hakijakamilika, nikabaki natazama uwanjani nikingoja waendelee, huku Padres wakirukiana kwa furaha kwa sababu ushindi ule uliwahakikishia nafasi katika mechi za mtoano. Watu wetu walishuka ngazi kimya. Ndani ya basi yule mzee wa redio alikuwa ameizima.

Jumatano tulibaki nyumbani, na siku hiyo ndiyo niliyojifunza habari za mikono.

Mjomba ana daftari la shule, lenye mistari, ambamo kila mwaka huandika majina ya warushaji wa Dodgers na yaliyowapata. Aliliweka mezani kando ya birika la chai, akalifungua ukurasa wa 2024, nikahisi nasoma rejista ya wodi. Tyler Glasnow, kiwiko: msimu umekwisha. Gavin Stone, aliyeshinda mechi nyingi kuliko mwenzake yeyote katika timu mwaka ule: bega. Clayton Kershaw, gwiji wa timu kwa miaka mingi: kidole gumba cha mguu wa kushoto, ambao ndio anaosukumia ardhi anaporusha. Tony Gonsolin, Emmet Sheehan, River Ryan: wote viwiko vilivyopasuliwa. Timu hii ina fedha za kutisha, na bado wiki moja kabla ya mechi kubwa ilikuwa inahesabu mikono mizima kwa vidole.

Kwa nini mikono? Kwa sababu mpira wa kawaida wa kasi katika ligi hii huruka kilomita 150 kwa saa, na kiwiko cha binadamu hakikuumbwa kwa kazi hiyo mara mia kwa usiku mmoja. Kuna kano ndogo upande wa ndani wa kiwiko ambayo huchanika. Zamani ikichanika, mchezaji alirudi nyumbani akatafute kazi nyingine. Kisha mrushaji wa Dodgers aitwaye Tommy John akachanika kano hiyo, na daktari wa timu, Frank Jobe, akajaribu jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyiwa mrushaji: alichukua ukano kutoka mkono wa kulia, akaupachika kwenye kiwiko cha kushoto kwa kuupitisha katika matundu aliyotoboa kwenye mifupa. Tommy John alirudi uwanjani 1976, akashinda mechi nyingine 164 kabla ya kustaafu. Upasuaji ule unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mjomba aliweka kidole kwenye tarehe aliyoiandika ndani ya jalada la daftari: 25 Septemba 1974. Nikatazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa 25 Septemba 2024, miaka 50 kamili, na nusu ya majina yaliyokuwa mbele yangu yalikuwa ya watu waliopita kwenye kisu kilekile.

Chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, aliandika majina matatu ya walio wazima. Yoshinobu Yamamoto, Mjapani aliyekaa nje karibu miezi mitatu kwa sababu ya bega na kurudi tarehe 10 Septemba. Jack Flaherty, aliyenunuliwa kutoka Detroit mwishoni mwa Julai, maana viongozi waliona mapema kuwa ghala linaisha. Na Walker Buehler, ambaye kiwiko chake kimepasuliwa mara mbili na msimu wote alikuwa hajajipata.

"Watatu wanatosha?" nikauliza.

"Watatu kwa mechi za kila siku? Hawatoshi. Lakini kwenye mtoano kuna siku za mapumziko katikati. Hapo ndipo kichwa kinapofanya kazi."

Sasa, Ohtani. Mtu huyu anastahili nafasi yake mwenyewe, kwa sababu kwake mkono na mguu vinakutana. Ana urefu wa sentimita 193, ni mrushaji na mpigaji kwa pamoja, jambo ambalo wengine waliliacha karne iliyopita. Tarehe 19 Septemba 2023 alipasuliwa kiwiko cha kulia. Miezi mitatu baadaye Dodgers wakamsajili kwa dola milioni 700 za miaka 10, wakijua wazi kuwa 2024 hatarusha hata mpira mmoja. Angefanya nini mwaka mzima mtu aliyezoea kazi mbili? Akakimbia. Kabla ya hapo hakuwahi kuiba zaidi ya besi 26 katika msimu. Mwaka 2024, mkono ukiwa unapona, alizisoma hatua za warushaji mmoja mmoja, na tarehe 19 Septemba 2024, mwaka mmoja kamili tangu alale kitandani kwa daktari, alikuwa Miami: alipiga mara sita kati ya sita, homurani tatu, akaiba besi mbili, akawa mtu wa kwanza katika historia ya ligi kufikisha homurani 50 na besi 50 katika msimu mmoja. (Homurani ni pigo linalovuka ukuta, mpigaji huzunguka besi zote akitembea akitaka.)

Televisheni ilikuwa bado inarudia picha za Miami, nikamwomba Mjomba airudishe ile aliyoiba besi ya tatu. Tuliitazama polepole. Hatua ya kwanza haiendi mbele. Mguu wa kushoto unakata mbele ya wa kulia na mwili wote unageuka kwa pamoja, kichwa kiko chini. Hatua ya pili ndefu. Kufikia ya tano amesimama wima, na mtu mwenye kilo 95 anapita kana kwamba ardhi inamsukuma. Kisha anashuka kwa miguu mbele, anagusa besi, na tayari amesimama anapangusa suruali. Nilifikiria jinsi jeraha moja lilivyofungua mlango mwingine katika mwili uleule. Hilo, kati ya yote niliyoyaona Marekani, ndilo lililonifurahisha kuliko mengine. Ndani ya mechi zile tatu na Padres aliongeza besi ya 56, na msimu ukaisha akiwa na homurani 54 na besi 59, amenaswa mara nne tu.

Jioni ile Flaherty alianza kurusha na Dodgers wakashinda 4 kwa 3. Mjomba alikaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, hakuzungumza kwa zamu mbili za mwisho.

Alhamisi tulirudi kilimani. Safari hii nilijua pa kuangalia. Nilijua kwa nini watu wanapiga kelele mrushaji anapogeukia besi ya kwanza mara ya pili. Nilijua kumtafuta kocha anayesimama kando ya besi ya tatu akijigusa kofia, kifua, mkanda, kwa maana ambayo anaijua mkimbiaji pekee. Buehler alirusha kwa kujikaza, Padres wakatangulia kwa mikimbio miwili (mkimbio ni alama ya mtu aliyezunguka besi zote), na kwa zamu sita Dodgers hawakupata kitu. Zamu ya saba watu husimama wote, huimba, hujinyoosha viuno. Ni desturi yao ya miaka mingi, na nilipenda kuona hata wenye mikongojo wakisimama. Walipoketi, mambo yakafunguka. Will Smith, mdakaji wa Dodgers, akapeleka mpira nje ya ukuta, ikawa 2 kwa 2. Ohtani akaja na pigo lililoitanguliza timu. Sauti ya watu ilikuwa ya kutikisa saruji chini ya miguu.

Katika zamu hiyohiyo Freddie Freeman alipiga mpira dhaifu upande wa besi ya kwanza, akakimbia. Freeman ni mshika besi ya kwanza wa Dodgers, wakati ule wa miaka 35, mtu mrefu na mpole wa kutazama, aliyekuwa na mwaka mzito. Katikati ya msimu mwanawe mdogo aliugua sana, akaacha timu akakae naye hospitali. Luis Arraez wa Padres aliudaka mpira akajongea njiani ili amguse. Freeman akajipinda kumkwepa, kama tulivyokuwa tukijipinda sisi uani, na mguu wake wa kulia ukageuka vibaya kwenye kifundo. Niliuona ukigeuka. Ilikuwa umbali mkubwa kutoka viti vyetu, lakini kwa sababu macho yangu siku hizo yalikuwa kwenye miguu, niliuona kabla sauti ya watu haijabadilika. Alitoka uwanjani akichechemea, akisaidiwa.

Mjomba alivua kofia. Watu elfu hamsini walikuwa wanashangilia na kuogopa kwa wakati mmoja. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile katika uwanja wa Kasarani wala popote. Dodgers walishinda 7 kwa 2, wakachukua ubingwa wa kundi lao, wachezaji wakamwagiana vinywaji, fataki zikarushwa. Sisi tulishangilia pia, Mjomba alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Lakini njiani hakuzungumzia kombe wala Ohtani. Alisimulia mwaka 1988, Kirk Gibson, ambaye miguu yake yote miwili ilikuwa imeumia, akaletwa kupiga mara moja tu usiku wa kwanza wa fainali, akaupeleka mpira nje ya ukuta, akazizunguka besi akichechemea huku akivuta ngumi hewani. "Bahati kwamba mpira ulivuka ukuta," Mjomba akasema. "Ungebaki ndani, asingefika hata besi ya kwanza."

Timu ilikwenda Denver kumalizia mechi tatu za msimu, kisha ikapewa raha ya kutocheza raundi ya kwanza ya mtoano. Ni siku tano bila mechi, kwa timu iliyokuwa inacheza kila siku tangu Machi. Kwetu mashabiki wangesema wachezaji watapoa. Hapa kila mtu alizitamani siku zile. Nilizitumia kuona mji. Bahari ya Pasifiki ni baridi mno, na wenyeji huingia na nguo za mpira mwilini. Nilichovya miguu nikatoka. Kwenye maduka niliona fulana za namba 17 hata kwa wauza mboga. Mjomba aliniambia kuwa 2022 Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wa kwanza kutoka nchi ile kusajiliwa na klabu yoyote ya ligi kuu, waanzie ngazi za chini. Alilisema kwa fahari ya jirani.

Jioni tulipanga warushaji. Mechi za raundi ya Dodgers zilikuwa tano, anayeshinda tatu anasonga: tarehe 5 na 6 Oktoba nyumbani, 8 na 9 ugenini, na ikilazimu, 11 nyumbani tena. Yamamoto alizoea Japani kurusha mara moja kwa wiki, na timu haikutaka kuliharakisha bega lake. Basi Mjomba akamwandika tarehe 5, ili akihitajika tena 11 awe amepumzika siku tano kamili. Flaherty tarehe 6. Buehler tarehe 8. Tarehe 9 aliacha pengo, kisha akaandika majina mengi madogo madogo yaliyobanana: warushaji wa akiba, mmoja zamu moja, mwingine mbili, wapokezane mpaka tisa zitimie. Niliona ni ukosefu wa mpango. Yeye aliona ndio mpango wenyewe, kwa sababu mpigaji asiyemwona mrushaji mmoja mara mbili hana nafasi ya kumzoea. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Padres walikuwa wamewatoa Atlanta, kwa hiyo wangerudi walewale.

Jumamosi ya tarehe 5 tulikaa mbele ya televisheni. Habari ya kwanza ilikuwa Freeman: jina lake limo kwenye orodha ya wanaoanza. Kifundo kilikuwa kimefungwa bandeji nene ndani ya kiatu. Mjomba alisogea karibu na kioo kana kwamba angeweza kukigusa.

Mpango wa Yamamoto ulivunjika mapema. Alipigwa mikimbio mitano akatolewa baada ya zamu tatu tu. Ohtani akasawazisha 3 kwa 3 kwa homurani moja ya watu watatu. Lakini niliyekuwa namngoja mimi ni Freeman. Alipiga, akafika besi ya kwanza, akasimama hapo akipumua kwa mdomo. Nilidhani atabaki ameigandia. Akaacha hatua moja. Ya pili. Nikamwona akiuweka uzito kwenye mguu uleule wa kulia, na mrushaji alipoinua goti, Freeman akaondoka.

"La, la, la," Mjomba akasema, mikono kichwani.

Mita 27 kwa kifundo cha siku tisa. Aliteleza, akafika, ameiba besi ya pili. Mjomba alikaa chini pale pale sakafuni akicheka huku akifuta macho kwa kofia. Warushaji wa akiba walishika zamu sita zilizobaki bila kuruhusu hata mkimbio mmoja, na Dodgers wakashinda 7 kwa 5. Ilipokwisha, aliliomba daftari, akachora mstari juu ya mikono iliyotumika usiku ule, akaanza kuhesabu nani amebaki kwa kesho ya Flaherty.